Kwa Ombi la Busara

Makala arobaini na moja nimezisoma
juu ya kichocho cha watoto wa ziwa hili,
na katika ishirini na nane, kabla tu ya shukrani,
nimekuta sentensi ileile, imenyooka kama karani siku ya ukaguzi:
data zinapatikana kwa mwandishi, kwa ombi la busara.

Basi nikaomba.
Usiku, Isamilo, visubi wameziba kioo cha dirisha,
nikaomba kwa busara yote niliyojaliwa:
salamu, jina la mradi, tafadhali mbili.

Barua nne zilirudi kama zilivyokwenda.
Mmoja kompyuta yake iliibiwa stendi ya Nyegezi.
Mmoja amestaafu, anafuga kuku Magu,
akaniuliza bei ya pumba huku mjini.
Profesa Lugwisha alijibu kwa mstari mmoja,
Unataka kuzifanyia nini?
kama baba aliyeletewa posa.
Na mjane wa mmoja aliandika kwa simu ya mwanawe:
Madaftari yapo, sanduku la bati, chini ya kitanda.
Ila alikuwa akiandika kwa vifupisho vyake.
Tunayafungua, tunayafunga.

Waliobaki kimya.
Ukimya wao nao nimeutengea safu kwenye jedwali.

Jumamosi nikashuka Mwaloni kununua dagaa.
Bi Nyanjige, kabla hajashika kopo,
aliigeuza mizani uso unielekee mimi.
Sahani tupu kwanza. Mshale kwenye sifuri. Ndipo dagaa.
Sikuwa nimemwomba.
"Mizani ikikutazama wewe peke yako," alisema,
"mteja anaondoka na shaka hata kama umemzidishia."
Makorongo wawili walinikodolea macho, mimi na mfuko wangu.
Nasi tunauza uzito, niliwaza,
tunatangaza asilimia thelathini na saba nukta nne
kiganja kikiwa juu ya mshale.

Nilipanda kilima nikijiona mwadilifu.

Jumatatu ikaja barua, safari hii kwangu.
Mafwele fulani, yuko Nansio, mwanafunzi:
Mapitio yako ya miaka mitano iliyopita, jedwali la tatu.
Nimejumlisha mara nne, hazitimii.
Naomba faili, na msimbo uliokokotolea.

Nikaandika: Unataka kuzifanyia nini?
Nikayatazama maneno hayo yakinitazama.
Nikayafuta.

Faili la kwanza linaitwa mwisho.
La pili, mwisho2. La tatu, mwisho_kweli.
Safu zake: x, x1, xx.
Katikati ya msimbo, kwa mkono wangu mwenyewe:
usiguse hapa, inafanya kazi, sijui kwa nini.
Nikalikumbuka sanduku la bati.
Yule mwenye vifupisho alikuwa na udhuru, amekufa;
mimi niko hai, nina chai mbele yangu,
na sijisomi.

Siku tatu.
Shule moja ya kisiwani, makala mbili:
moja imeandika Nyakabanga, nyingine Nyakabhanga.
Kwa herufi moja ya h, watoto mia na kumi na wawili
waliokojoa asubuhi moja katika vikopo vya plastiki
kwangu walikojoa mara mbili,
na asilimia ikapanda, na waziri mmoja akainukuu.

Majina ya watoto nikayaondoa. Mengine yote nikayaacha,
hata yale ya aibu, hata ile usiguse hapa.
Jarida nikaliandikia: nimekosea, ukurasa huu, kiasi hiki.
Na kwenye mapitio mapya, palipokuwa na sentensi ya karani,
nikaweka mlango wenyewe, bila bawabu.

Kwa Mafwele nikaambatisha ufunguo:
x ni umri.
x1 ni kijiji.
xx, samahani, nimesahau.

Dakika kumi hazikupita.
Asante, aliandika. xx ni jinsia.
Nimelinganisha na madaftari ya shule, yanatimia.
Wasichana walikuwa wengi kuliko ulivyosema.