Kipengele cha Feni

Mkataba wa usafi wa hospitali yetu, ukurasa wa sita,
kipengele (e): *Mzabuni atafuta vumbi
kwenye feni zote, kila Ijumaa.*

Makete hatuna feni.
Juni nyasi za uwanjani zinaamka nyeupe kwa sakitu,
muuguzi wa usiku anavaa sweta juu ya sweta,
na sisi, mwaka wa tano huu, tunalipa feni zifutwe.

Ni mimi niliyenakili. Simsingizii mtu.
Saa tatu usiku, mfumo unafungwa kesho,
nikafungua faili la mwaka jana, lililozaliwa na la mwaka juzi,
lililotoka huko Pwani watu wanakotokwa jasho.
Nikabadili tarehe.
Nikagonga muhuri.

Safari hii sikungoja Juni. Februari, ukungu umelala hadi dirishani,
nilishuka chumba cha kufulia na kalamu.
Tainesi Chaula hakuacha kukamua.
"Kila mwaka mnaniuliza bei ya sabuni," alisema.
"Hakuna aliyeniuliza habari za jua."

Akanihesabia kwa vidole vilivyonyauka kwa maji:
mashuka arobaini kwa siku,
kumi na saba ya wodi ya wazazi peke yake.
Kiangazi yanakauka kabla ya chakula cha mchana.
Masika, siku tatu.
"Na hiyo siku ya pili, Tweve,
mzazi analala juu ya plastiki."

Nikaandika mgongoni mwa mkataba wa zamani:
jiko la kukaushia. mashuka mara tatu.
asilipwe kwa kufua, alipwe kwa shuka lililo kitandani, kavu.

Kwenye bodi ya zabuni wakauliza:
ukavu unapimwaje?
Nikasema ninavyomwona Tainesi akifanya:
analiweka shavuni, anafumba macho.
Wakacheka, hata mimi nilicheka.
Mwenyekiti akakata *shavu*, akaweka *asilimia ya unyevu*,
na kipimo chake kikaingizwa kwenye bajeti ya mwakani.

Feni zimefutwa, safari hii kwa kalamu.
Jiko lilifika Septemba, bomba lake fupi kwa shubiri moja,
likaongezwa kwa bati la fundi wa Tandala.
Kipimo bado.

Jana nilipita wodi ya wazazi.
Hakuna aliyekuwa ananitazama.
Nikainama kwenye kitanda cha mwisho, kilichokuwa wazi,
nikaweka shavu.