Jicho la Pipa

Nilikuja Tabora na kompyuta mbili na kiburi kimoja.
Ghala la ushirika wa asali, nyuma ya stesheni,
nyuki wachache walioifuata harufu hadi dirishani,
na Nyamizi Kasubi, karani, aliyeniuliza salamu haijaisha:
"Hii programu yako ikinyamaza, imekufa au inafikiri?"

Nikamwambia inafikiri.
"Nitajuaje?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na grafu za kasi.

Siku ya malipo mtandao ulikuwa unachechemea.
Alibonyeza Tuma. Skrini ikatulia kama maji ya mtungini.
Nje, warina asali wa Sikonge wamekalia ndoo zao tupu.
Akasubiri. Akakuna sikio. Akabonyeza tena.
Akasubiri. Akabonyeza mara ya tatu, sasa kwa kidole gumba,
kama mtu anayegonga kwa jirani
ambaye taa yake inawaka.

Jioni Mihayo Lugusi alikuwa amelipwa mara tatu
kwa debe moja la asali ya miombo.
Alirudi mwenyewe, simu mkononi:
"Asali yangu ni tamu, lakini si tamu mara tatu."

Nikaandika daftarini: kosa la mtumiaji.
Nikalikata.
Wino ulikuwa wangu, na kosa pia.

Asubuhi wakanipeleka kwenye chujio.
Pipa la bati, kimo cha mtoto wa darasa la nne,
na ubavuni mwake, toka chini hadi shingoni,
mpira mwembamba unaoonyesha ndani.
Asali inapanda humo bila haraka, rangi ya chai iliyokolea,
ikipita alama za kalamu: robo, nusu, LETA NDOO, FUNGA!
Hakuna anayeliuliza pipa kama linafanya kazi.
Hakuna anayelipiga teke.
Watu wanakwenda kunywa uji, wanarudi, wanachungulia,
wanakwenda tena.
Jicho haliliharakishi pipa.
Ila kusubiri kunapata mpini; unaushika.

Usiku ule, gesti, nikashona mstari wa kijani.
Wa kwanza ulikuwa mwongo, nakiri.
Ulikimbia hadi asilimia tisini na tisa
kama mwanafunzi anayetafuta sifa,
kisha ukasimama pale dakika saba, umekenua.
Nyamizi akaniita: "Bora kile kimya.
Kimya hakikuniahidi kitu."

Wa pili sikuupa asilimia.
Niliupa vituo, kama treni ya Kigoma,
ambayo haijawahi kuniambia saa ya kweli ya kufika
lakini huniambia: Usoke. Urambo. Kaliua.
Jina limepatikana.
Uzito umesomwa.
Benki imeitwa. Haijaitika. Tunaita tena, mara ya pili kati ya tano.
Na kitufe kikishabonyezwa kinafifia, kinasema: Nimesikia.

Mistari kumi na mmoja ya msimbo.
Ile ya kasi ilikuwa elfu nne.
Nilipima: mashine haikuongeza mwendo hata chembe,
ilipunguza kidogo.

Ijumaa mtandao ukachechemea tena.
Nyamizi akasimama dirishani akawasomea walioko nje,
sauti ya mtangaza stesheni:
"Tupo Benki! Tunaita mara ya tatu!"
"Basi tushuke tununue karanga!" akajibu mtu,
na kicheko kikazunguka ghala lote, kikawafikia hata wapakizi.
Hakuna aliyebonyeza kitu.
Mihayo alivua viatu akalala juu ya magunia.

Nami nimeketi hapa mlangoni, simu mfukoni inanilemea.
Ujumbe wa dada yangu, Kasulu, una siku nne sasa,
kuhusu kiwanja cha baba, na nani asaini.
Nimeusoma. Nimeusoma tena.
Alama mbili za buluu zinamwambia nimeuona.
Hazimwambii
kama nimekufa au nafikiri.