Iulize Kama Unavyoniuliza Mimi

Ameisimika asubuhi, kijana Mashauri wa Nyakato,
akapangusa kioo kwa mkono wa shati, akasema:
"Sasa dada Kabula, basi tena kukariri majina ya mafaili.
Iulize kama unavyoniuliza mimi."

Mdogo wangu,
neno hilo nimelisikia tangu kompyuta zina chogo.
Kila toleo huja na ahadi yake, kama diwani:
safari hii itaelewa. Safari hii.
Kuna mwaka walituletea kijibwa cha kuchora;
kikanusanusa, kikatikisa mkia,
kikarudi mdomo mtupu.

Haya, nikaiuliza.
Kwa Kiswahili changu cha Kirumba, sikukipiga pasi:
Iko wapi ile barua ya yule mama wa dagaa,
aliyekuja mvua inanyesha,
anayewadai wale wa Ukerewe?

Kiduara kikazunguka, kikazunguka.
Ikaniletea bei za dagaa za Februari,
ratiba ya meli ya Nansio,
picha za harusi ya Shija (kweli, ilinyeshewa),
na swali: Je, ulikusudia kuandika "daraja"?

Mashauri akajikuna shingo.
"Jaribu kwa Kiingereza."

Aa.
Kumbe "kama unavyoniuliza"
kulikuwa na mtu mwingine anayeuliza.

Na mama mwenyewe yuko hapo kwenye benchi,
ndoo katikati ya miguu,
harufu ya mwaloni imemtangulia ndani.
Yeye alisema tu, "Ile karatasi yangu, mayu."
Maneno matatu na heshima moja,
nami nikajua.
Si maneno yaliyonijulisha.
Siku ile umeme ulikatika tumefika kwenye "Yah:",
tukakaa gizani na mvua juu ya bati,
akanimegea muhogo,
akahesabu magunia kwa vidole, kumi na manne,
akanieleza jinsi mwanawe alivyotia dole gumba
mahali pasipo pake.
Umeme uliporudi nilichapa kwa hasira isiyo yangu
nikaihifadhi: WEZI_HAWA_2.

Imo humo. Kwenye folda la Mengineyo,
chini ya barua za kuomba kazi
za watu waliokwisha kuipata, au kuchoka.
Nikaitoa nakala mbili. Akalipia moja;
ya pili tutaonana.

Sisemi siku hiyo haitafika.
Nasema tu kwamba daftari langu la majina
silichomi leo.

Jioni, Mashauri kashaondoka,
nimeteremsha mlango wa bati nusu,
nikaisogelea peke yangu, nikaiandikia taratibu
kama mtu anayesema na mgeni aliyeshuka sasa hivi kivukoni:

Wezi wako wapi?

Ikafikiri kidogo,
ikanifungulia mipangilio ya usalama.