Koki ya Jiko la Boti

Niliingia dukani na kipande cha ubao.
Aminiel haamini karatasi. Kaandika kwa penseli ya fundi:
kimo nchi saba, tundu nusu nchi, shelfu isiguswe,
na chini kabisa, herufi zimebanana: isivuje.

Proches akauliza, "Nyumba iko wapi, mama?"
Nikasema si nyumba, ni boti.
Akatazama nje, mlima ulikojifunika,
akatazama viatu vyangu na vumbi la Pasua,
akasema polepole, kama anayeongea na mgonjwa,
"Boti. Hapa Moshi."

Hapa Moshi, ndiyo. Iko uani, juu ya trela,
imeziba mlango wa banda la kuku tangu Kwaresma.
Majirani huleta wageni wao kuitazama.
Mtoto wa Mama Ndeshi aliuliza gharika ni lini.
Ikikamilika itapita katikati ya miwa,
itateremka mpaka bwawani, Nyumba ya Mungu,
na mimi nitakaanga perege juu ya maji
kwa watu wanaokuja kuhesabu ndege.

Proches akaanza kunishushia.
Ya kwanza ilikuwa na shingo ya korongo, inang'aa;
nikajiona humo, uso umevutwa, pua kama mshare.
Niliipenda, sitaki kusema uongo.
Lakini boti huyumba, nami nitakuwa na sufuria mkononi,
na korongo huyu atanitoboa jicho siku ya kwanza.
Ya pili plastiki, nyepesi kama ganda la yai.
Ya tatu haina kishikio, ukiigusa tu inamwaga.
"Na wimbi likiigusa?" nikamuuliza.
Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akairudisha juu.

Maana tangi letu ni lita sitini.
Nje ya dirisha bwawa zima, na mamba wake,
ndani mchele nitauosha kwa kikombe,
na maji ya mchele yataosha bilauri,
na ya bilauri yatafuta sakafu.

Bibi yangu kule Kibosho hakuwa na koki.
Alikuwa na mfongo, na zamu yake: Jumanne,
toka jogoo la pili mpaka kivuli cha mgomba
kiguse lile jiwe jeupe.
Zamu ikiisha alitupa gogo la mgomba mlangoni mwa maji,
akashindilia udongo kwa kisigino,
halafu akasimama pale, kimya, kichwa upande.
Nilidhani anasali.
Alikuwa anasikiliza kama kuna tone linalopita.

Basi nikamwambia Proches: usinionyeshe zinavyofunguka.
Nionyeshe zinavyofunga.

Tukaenda nyuma ya duka, kwenye mpira na ndoo.
Tukazifunga moja moja, tukainama wote wawili,
yeye na simu yake ikilia mfukoni bila kupokelewa.
Korongo alidondosha. Tone, kimya, tone.
Mwisho akaleta moja ya shaba, imekaa tangu enzi za baba yake,
shingo fupi, kishikio kigumu, sura ya mtu aliyenuna.
Nzito kama ngumi ya mtoto aliyelala.
Akaifunga. Tukangoja.
Kuku wa jirani akapita, akanywa ndooni, akaondoka.
Hakuna.

"Hii mbaya, mama," akasema, "nakupa kwa thelathini."
Nikatoa ishirini na mbili na ule ubao, akaukataa ubao.

Jioni Aminiel aliifunga mahali pake, tochi mdomoni.
Tangi bado halijafika, liko Dar, liko njiani, liko kwa Mungu.
Nilipanda ngazi, nikasimama jikoni kwangu
futi tano juu ya kinyesi cha kuku,
nikaigeuza. Ikatoa pumzi ndogo.
Nikaifunga.

Aminiel akaita kutoka chini ya boti: "Inavuja?"
"Haina maji," nikamjibu.
"Najua. Inavuja?"
Nikainamisha kichwa upande.