Mwiko

Siku ya kwanza nilikabidhiwa mwiko.
Si ule wa mama wa kusongea sima,
ni wa mwashi, ncha kali, mpini umepauka,
na Daktari Mbeyu akaniambia: usichimbe.
Kuna kuchimba, na kuna kukwangua.
Wewe kwangua.

Hivyo ndivyo likizo ya Agosti ilivyonikuta Tudor,
nimepiga magoti nyuma ya karakana ya magari,
ndani ya shimo la mita mbili kwa mbili lililozungushiwa uzi,
nikikwangua kama mtu anayemenya yai
la ndege asiyemjua.

Kitabu cha rangi za udongo kilikuwa na namba na herufi.
Dzame, mwenzangu wa Kaloleni, alikuwa na yake:
hii kahawa iliyopoa, hii halua ya juzi,
hili jivu la mkoko.
Juu, vifuniko vya soda na betri zilizooza.
Chini, kigae cha kijani kutoka Uchina,
ushanga mwekundu kama kichwa cha kiberiti,
na miiba ya changu, miiba, miiba,
mpaka chekecheo likanuka njaa yangu mwenyewe.

Siku ya kumi na moja udongo ukalainika,
ukajichora mstatili mwembamba.
Mafundi wa karakana walizima redio bila kuambiwa.
Maalim Bwanaheri aliitwa, akasoma kwa sauti ndogo,
kisha akasema: mgeni hubisha hodi.
Nikabisha, kimoyomoyo. Nikaona haya.

Kichwa mashariki, uso kaskazini, ubavu wa kulia chini:
tulijua alikoelekea
kabla ya kujua alikuwa nani.
Jina hatukulijua kamwe.

Daktari alimsoma kama asomaye barua ya nduguye.
Nyonga hii, mwanamke.
Magego yamelika: thelathini na tano, arubaini, tusibishane.
Mkono wa kushoto ulivunjika ukaunga sawasawa,
kwa hiyo yuko aliyemfunga banzi,
yuko aliyemtekea maji.
Mistari hii ya meno ni njaa, au homa,
alipokuwa na miaka mitatu hivi.
Na hiki? Hiki kijia kwenye jino la mbele?

Mmoja akasema ugonjwa. Mwingine, kiko.
Mimi nilijua
kabla sijajua kwamba najua.

Mama yangu hushona kofia, Majengo, mwaka wa ishirini na sita huu.
Mkasi upo, umelala kwenye kopo la biskuti.
Kila tundu likishazungushwa, uzi huenda mdomoni:
ka!
Jino lake lina kijia kile kile.
Akipigwa picha hukifunika kwa leso.

"Uzi," nikasema.
Daktari akanitazama kitambo, akaandika.

Maabara walitaka jino. Maalim alitaka arudi mzima.
Walijadiliana juu ya ndoo zilizopinduliwa,
chai ya tangawizi ikipoa mikononi,
hakuna aliyepaza sauti, wala aliyeshinda.
Likachukuliwa gego moja la nyuma.
La mbele likaachwa, likarudi naye chini.

Lebo niliandika mimi.
Kaburi la nne. Mwanamke.
Penye "mengineyo" kalamu ilisita,
nikaandika: alikata uzi.

Usiku huo nilinawa hadi viwikoni.
Mama hakuinua macho.
"Mmepata dhahabu?"
"Hapana."
"Mmepata nini basi?"
Mwiko bado ulikuwa mfuko wa nyuma,
na miko mingine ilikuwa mdomoni:
maiti hatajwi penye chakula,
mzazi haambiwi habari za meno yake.

"Lete," nikasema, "nikukatie."
Nikanyoosha mkono kuuchukua mkasi.
Akaniangalia kama aliyepigwa na jua,
akaupeleka uzi mdomoni,
ka!