Nyongeza

Ilikuja ndani ya boksi. Haikuchaguliwa.
Shangazi Tsisana aliuza madebe saba ya asali
akaninunulia kamera, nayo lenzi ikafuata nyuma
kama ile nyanya moja ambayo muuzaji huitupia juu ya fungu
ili mteja asigeuze shingo.

Nyepesi mno. Plastiki hadi shingoni.
Ukiivuta, kumi na nane mpaka hamsini na tano,
hukwaruza kama punje ya mchanga kwenye jino.
Gizani haioni. Harusi ya Lamara, ndani ya kanisa la mishumaa,
nilipiga picha mia mbili na arobaini
na katika zote bibi harusi ni moshi uliovaa pete.

Basi Jumamosi, theluji ikiyeyuka kwenye kingo za barabara,
nikaipeleka Tbilisi, soko la Daraja Kavu,
kwa Vazha, auzaye darubini za majeshi yasiyokuwapo tena,
vijiko, medali, saa zilizopoteza mishale.
Akaipima kiganjani kama yai la kuku mgonjwa.

“Lari thelathini.”
“Thelathini?”
“Na hizo ni kwa kuwa namfahamu shangazi yako.”

Akavuta sanduku kwa ncha ya kiatu, akalifunua.
Zimo kumi na saba, ndugu wa tumbo moja,
zimelala ubavu kwa ubavu kama vitunguu.
“Kila kamera huja na yake. Kila mtu hujifunza
kiasi cha kuidharau, kisha huja kwangu.
Kizuri chajiuza, binti. Hizi nazitembeza mimi.”

Nikapiga hesabu. Thelathini: mikate miwili ya jibini na chai.
Lenzi niitakayo, ile ya jicho pana, isiyovutwa wala kusukumwa,
ilikuwa dirishani mtaa wa Pekini kwa lari mia tisa.
Thelathini mbele ya mia tisa
ni kuutemea mate moto wa msitu.

Nikairudisha mfukoni. Si kwa mapenzi, msinisingizie.
Kwa hasira.

Ile ya jicho pana nilikuja kuinunua, mkopo wa miezi kumi na miwili.
Naibeba kama mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake.
Wingu likikohoa tu, naifungia.
Na mvua ikishuka, nani hutumwa nje?
Huyu mtoto wa kambo.
Ameporomoka ngazi za Sololaki, vidato tisa, akasimama mzima;
kilichopotea ni kofia yake tu,
sasa anavaa kifuniko cha chupa ya sosi ya plamu.

Mwezi wa Mei nikapanda Racha kwa shangazi.
Nyuki amekufa kwenye kizingiti cha dirisha.
Lenzi ya mia tisa ikakataa kumsogelea:
rudi nyuma, ikaniambia, nusu mita, una haraka gani?
Nikaing'oa. Nikaichukua ile ya bure, nikaigeuza,
uso ndani, kisogo nje,
nikaishikilia kwa vidole mdomoni mwa kamera,
nikabana pumzi.

Jicho la nyuki likafunguka: vyumba, vyumba, vyumba,
na kati ya vyumba, nywele
(sikujua kwamba jicho huota nywele)
na chembe moja ya chavua, ya manjano, kubwa kama kigoda.
Shangazi akafuta mikono kwenye aproni, akainama kutazama.
Kimya kirefu.
“Miaka arobaini wananiuma,” akasema,
“na hatujawahi kutazamana.”

Sisemi imetakasika. Gizani bado ni kipofu.
Pembe za picha zake bado zinayeyuka kama siagi juani.
Ukiniuliza kama inafaa kuwekwa, nitakuuliza nami:
una mvua kiasi gani?
Una deni kiasi gani?
Una nyuki?

Vazha tukikutana hunipigia mluzi.
Sasa amefika thelathini na tano.
Namwambia, ngoja nifikiri.
Haya ni majira ya pili ya baridi
nafikiri.