Zamu ya Usiku, Isevya

Yai la kware halijazi hata kiganja cha mtoto.
Limetapakaa madoa, kila moja na ya kwake,
kana kwamba mtu alikuwa akikung'uta kalamu ya wino
huku akiwaza jambo jingine.
Nilinunua thelathini na sita kwa Masanja wa Cheyo,
nikayafukia kwenye ndoo ya pumba za mpunga
nikaja nayo kwa miguu,
maana baiskeli hutikisa.

Mashine yangu ni friji bovu la shemeji,
balbu mbili, bakuli la maji, na kipimajoto cha maabara
nilichopewa na mwalimu Nzilwa kwa nusu lita ya asali.
Thelathini na saba na nusu. Isipande, isishuke.
Kila yai nimelichora kwa penseli, huku msalaba, huku duara:
asubuhi msalaba juu, mchana duara,
usiku msalaba tena,
na Nshoma mke wangu mlangoni, mwiko mkononi:
"Majirani, njooni! Mzee Mihayo anaatamia!"

Acheke.
Miaka ishirini na mitatu nililinda mabehewa ya mizigo stesheni.
Najua saa nane za usiku zina harufu gani.
Najua jinsi usingizi unavyokuja kwa adabu kwanza,
unaomba kuegemea tu.
Tofauti ni kwamba behewa ukilisahau, linakungoja.

Masanja ameniambia jambo ambalo bado halijanishuka:
kware hawa wa vizimbani hawajui tena kulalia mayai.
Hutaga popote, kwenye chakula, kwenye kinyesi,
wakaenda zao kama mtu aliyeangusha kifungo.
Wamefugwa mpaka wakasahau.

Wale wa mashambani walijua.
Nilikuwa na miaka tisa, kule Uyui, mtama ukiwa magotini.
Nilitega tanzi la singa za mkia wa ng'ombe juu ya kiota.
Aliliona. Naapa aliliona,
akazunguka mara mbili, akarudi kukaa.
Tulimla watu watano, kila mmoja kipande kama ukucha.
Mayai sikuyagusa. Kesho yake yalikuwa baridi kama changarawe.
Sisemi kwamba ninalipa deni.
Nasema nilikumbuka tu, saa nane,
nikigeuza msalaba.

Usiku wa kumi na nne umeme ukakatika.
Thelathini na sita.
Thelathini na tano.
Nilivua koti, nikalifunika friji, nikabaki na fulana
kama mtu aliyevuliwa cheo.
Ndipo akaja Nshoma, peku, na chupa za maji ya moto
amezivika soksi zangu za kazini.
"Sogea."
Hakucheka. Alipuliza mkaa hadi macho yakamwiva,
akabadilisha chupa mara nne,
na ilipofika saa nane akanigusa bega:
"Geuza. Muda umefika."
Kumbe siku zote alikuwa akihesabu.

Siku ya kumi na saba yai moja likatikisika lenyewe.
Mlio ulitangulia, ufa ukafuata.
Garimoshi la Kigoma lilipopita yakanyamaza yote,
kisha yakaanza kujibizana.

Ishirini na moja.
Kila kimoja kama ncha ya kidole gumba iliyoota miguu.
Sahani ya maji tumeijaza gololi,
kwa kuwa vifaranga hawa huzama kwenye kina cha kijiko.
Kumi na tano hayakufunguka. Mojawapo lilitoboka, likatulia;
tunduni mdomo, kama punje ya mchele.
Nshoma alilizika nyuma ya banda la kuni
bila kunieleza, nami sikuuliza.

Usiku huu balbu inawaka juu ya boksi
na mimi nimelala chali, mara ya kwanza wiki hizi,
ila usingizi nao umenisusa.
Ni yeye aliyeketi pale kwenye kigoda.
Anawaambia kitu kwa Kinyamwezi, chinichini,
kile cha mama yake, chenye maneno marefu.
Ameingiza mkono wote ndani ya boksi
na wamejikusanya chini yake.

Kesho asubuhi nitasimama mlangoni.
Nitawaita majirani.